Matokeo yangu yalizuiwa miaka tisa

NIANZE kwa kuungama, mpenzi msomaji. Huyu mwandishi unayemsoma kwenye ukurasa huu, anayejifanya mjuzi wa kukushauri mambo ya mapenzi, mavazi na jinsi ya kuishi na mashemeji, alipata ziro kidato cha nne. Tena si ziro ya kubahatisha. Ziro yenyewe, pointi 35, F saba zimejipanga kama askari wa gwaride.

Naungama kwa sababu msomaji mmoja wa kule Tandika amenitumia ujumbe mkali kidogo. Anasema: “Wewe kaka unaandika kirahisi sana habari za kuvumilia, hivi ulishawahi kupigika?” Nimecheka, halafu nimeacha kucheka. Basi leo mapenzi na mavazi yakae pembeni, tuongee.

Mtihani wenyewe niliufanya Oktoba 2012, nikiwa na miaka 16, katika shule moja ya kata mjini Morogoro. Wenye kumbukumbu wanaujua mwaka ule. Matokeo yalipotangazwa Februari 18, 2013, nchi nzima ilishika kichwa. Watahiniwa hawakufika laki nne, na waliopata sifuri walizidi 240,000. Magazeti yaliandika, wabunge walipayuka, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome kuchunguza kulikoni.

Sasa watu hudhani ukianguka pamoja na watu laki mbili na ushei, maumivu mnagawana. Si kweli hata kidogo. Mle ndani ya intaneti kafe, nikiwa nimelipia nusu saa na kutumia dakika tatu, sikuwaona hao laki mbili. Niliona namba yangu tu, na mbele yake 35, na mbele ya 35 ile sifuri.

Nikatoka. Nikatembea kutoka mjini mpaka Kihonda kwa miguu, jua la Morogoro unalijua.

Mama yangu anauza nyanya soko la Mawenzi. Nyanya, hoho na mboga za Mgeta. Miaka ile ada ya shule ya kutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka (ilifutwa elimu bila ada ilipoanza Januari 2016), lakini anayekwambia shule ilikuwa Sh 20,000 hakusoma shule ya kata. Kulikuwa na mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mitihani ya majaribio, wa masomo ya ziada, sare ndiyo usiseme. Yote hayo yalitoka kwenye nyanya. Naijua hesabu yake mpaka leo, maana nilikuwa naye mezani kila Jumamosi.

Nikamkuta anapanga mafungu. Akaniuliza bila kuinua kichwa: “Yametoka?”

Nikamjibu: “Yangu yamezuiwa, mama.”

Sijui neno lile lilitoka wapi. Pengine kwa sababu kweli kuna wanafunzi ambao matokeo yao huzuiwa, kwa ajili ya madeni au udanganyifu. Mama akasema, “Basi tusubiri.” Akaendelea na mafungu yake.

Uongo ukapata uhai wake. Jirani akiuliza, mama anajibu, “Ya kwetu yamezuiwa.” Mama wa kanisani akiuliza, yamezuiwa. Mimi nikawa mtu wa kulala mchana na kutoka usiku, kama popo. Kijiweni nikawa nazuga kwamba nasubiri kwenda Dodoma kufuatilia. Dodoma kufuatilia nini, hata mwenyewe sikujua.

Kisha mwezi Mei ukatokea mkasa ambao hata mtunzi wa sinema asingethubutu. Serikali ikatangaza kufuta matokeo! Tume ilikuwa imebaini kwamba pamoja na matatizo mengine, utaratibu wa kupanga madaraja uliotumika ulikuwa mpya na haukuandaliwa vya kutosha, kwa hiyo yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Mama alitembea mtaa mzima siku ile. “Si niliwaambia! Si niliwaambia yana matatizo?” Nilimwangalia kupitia dirishani akizunguka na kanga yake mabegani, nikatamani ardhi ipasuke.

Yakapangwa upya. Waliofaulu wakaongezeka kutoka asilimia 34 hivi hadi 43. Maelfu ya wenzangu wakapandishwa, wengine wakapata daraja la nne, kukawa na pilau mitaani. Na mimi nikapandishwa, msidhani nilisahaulika. Ile F ya Kiswahili ikawa D. Kwa wasiojua hesabu hii: D moja ni pointi 4, F sita ni pointi 30, jumla 34. Na 34 bado ni sifuri. Ili utoke humo ulihitaji walau D mbili au C moja. Yaani Serikali nzima, tume, maprofesa, Bunge, wamehangaika miezi mitatu, mimi wamenisogeza pointi moja.

Safari hii sikuweza kudanganya. Nikampa mama karatasi. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga palipofungwa hela za nyanya, akasema: “Kateke maji.” Basi. Hakupiga kelele, hakulia. Mwezi uliofuata nikapanda basi kuja Dar. Nilishuka Ubungo, ambako enzi hizo ndiko kulikuwa na stendi kuu, nikiwa na begi la shule na namba ya simu ya binamu yangu wa Manzese.

Karume

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, maana inafanana na ya vijana wengi wa mjini na wewe huenda unaiishi sasa hivi. Nimeuza maji kwenye foleni. Nimeuza karanga, soksi, vibandiko vya simu. Nimebeba zege mwezi mmoja tu, mgongo ukakataa. Mwishowe nikaangukia kwenye viatu vya mtumba, na huko ndiko nikatulia, kwa sababu niligundua nina jicho. Kiatu kikiwa kimekunjwa ndani ya mzigo, naona kikishaoshwa kitakuwaje. Mwishoni mwa 2021, wamachinga tulipopangwa upya na kuondolewa kandokando ya barabara, nikapata meza soko la Karume, pale Ilala.

Nilikuwa na ndoto za haraka. Nikachukua mkopo wa Sh 500,000, wa kurudisha Sh 650,000 kwa wiki kumi. Ile mikopo ambayo wenyewe tunaiita kausha damu, na jina halikukosewa. Nikanunua mzigo wa raba daraja la kwanza, wa msimu wa kufungua shule.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Januari 16, 2022, Karume ikaungua.

Nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Nilipofika nilikuta watu wamesimama, wengi wamekaa chini kabisa. Hakuna aliyekuwa anakimbia, maana hakukuwa na cha kukimbilia. Mpira ukiungua una harufu inayokaa kooni siku tatu. Raba zangu ziliyeyuka zikashikana, zikawa kitu kimoja kikubwa cheusi mfano wa ugali ulioungua sufuriani. Kilichopona ni kiatu kimoja cha kushoto, namba 42. Bado ninacho. Msiniulize kwa nini.

Jumla ya mzigo wangu pale ilikuwa kama Sh 1,350,000, na katika deni nilikuwa nimelipa wiki mbili tu, Sh 130,000.

Kama wiki tatu nikawa sitoki ndani. Nilikuwa nimeshapanga chumba changu Mabibo, nikafunga mlango, nikazima simu kwa sababu ya wadai. Nilikuwa naamka, naangalia bati, nalala. Ndugu msomaji, sikuwa nawaza mambo makubwa. Mtu akiwa chini hawazi falsafa, anawaza chaji na chumvi. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanirudia, kwamba ile sifuri haikuwa ya mtihani. Ilikuwa yangu. Ilinifuata kutoka Morogoro, ikapanda basi na mimi, na sasa imenipata tena Karume.

Mshikaji wangu mmoja akaniletea kwenye simu yake video ya mhamasishaji, wale wa suti na maiki ya sikioni. Jamaa alikuwa anamsimulia John Stephen Akhwari, mwanariadha wetu wa Mbulu, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968. Mnaijua: alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Mhamasishaji akawa anapiga kelele kwamba shida ndiyo mwalimu, ishukuru shida yako. Nikamrudishia mshikaji simu yake.

Nitasema ninavyoona, na atakayenuna anune. Shida haimfundishi mtu kitu kwa kuwa shida tu. Meza ya tatu kutoka kwangu pale Karume alikuwapo jamaa hodari kunishinda, mcheshi, anayejua wateja kwa majina. Aliungua kama mimi, deni kama langu. Akaingia kwenye kubeti ili arudishe mtaji kwa mkupuo, kisha kwenye pombe kali za kupima, na sasa hivi ukimkuta maeneo ya Ilala hakutambui. Moto ulikuwa uleule. Ukimwambia ashukuru, una roho ngumu.

Na habari ya Akhwari hao wahamasishaji huikata katikati. Hawasemi kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alirudi barabarani akamaliza marathoni nafasi ya tano, kwa saa 2 na dakika 15. Mexico alitumia saa 3 na dakika 25. Mimi hiyo ya Edinburgh ndiyo inayonigusa, kwa sababu hakuna bandeji wala kilio ndani yake. Ni mtu aliyerudi nyumbani, akapona goti, akafanya mazoezi miaka miwili bila kupigwa picha.

Simu ya mama

Turudi Mabibo. Mama aliposhindwa kunipata akapiga kwa binamu, binamu akaja na simu mpaka mlangoni.

“Nasikia redioni soko limeungua huko. Si ndiko uliko?”

Nikamjibu, “Hapana mama, mimi niko upande mwingine. Biashara nzuri tu.”

Akasema haya, akakata. Binamu akanitazama kwa muda, akatoka bila kusema neno. Na mimi nikasikia, kwa masikio yangu, yule mtoto wa miaka 16 wa Mawenzi akisema yamezuiwa, mama. Miaka tisa imepita, nimeota ndevu, nimelipa kodi ya chumba, lakini nikibanwa natoa jibu lilelile la siku ile.

Usiku sikulala. Asubuhi nikakopa vocha ya Sh 500 kwa mangi wa dukani, nikawasha simu, nikapuuza meseji za wadai, nikapiga.

Nikamwambia yote. Moto, mkopo, kiasi, riba, kwamba nimelala wiki tatu, kwamba nimekula ugali na chumvi. Maneno yalikuwa yanatoka kama maji ya bomba lililoziba. Kwa kuwa nilishaanza, nikaongeza na lile la zamani: “Na yale matokeo, mama, hayakuzuiwa. Nilikudanganya.”

Mama akanyamaza. Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu anaita bei ya vitunguu.

“Umekula leo?” akauliza.

“Bado.”

“Yale matokeo nilijua siku ileile,” akasema. “Nilikwenda shuleni jioni, mwalimu akanisomea ubaoni.”

“Sasa mama, mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa nasubiri uniambie wewe.”

Nilikaa chini pale nje, kwenye ngazi, watu wanapita. Kumbe wale majirani wote, mama alikuwa anawadanganya kwa makusudi. Ile kanga mabegani mwezi Mei, ile “si niliwaambia,” alikuwa ananitengenezea njia nipite. Alibeba uongo wangu mtaani kama anavyobeba tenga, akijua kilichomo ndani. Na karatasi nilipompa hakushangaa kwa sababu hakukuwa na cha kumshangaza.

Wapo watakaosema alikosea, kwamba mzazi angenikalisha chini siku ileile anitandike maneno. Mimi mwenyewe siku nyingine nakasirika. Miaka tisa, mama! Ungeniambia tu. Lakini namjua, si mtu wa kumvua mwenzake nguo.

Kilichofuata si muujiza. Hakunitumia mtaji, hana. Alinitumia Sh 10,000 ya chakula. Lakini ile siku nilioga, nikavaa shati, nikaenda mwenyewe ofisini kwa wadai wangu kabla hawajanifuata. Tumbo lilikuwa linanguruma kwa woga. Nikawaambia: mzigo umeungua, hela sina, iliyobaki ni Sh 520,000, nitalipa Sh 3,000 kwa siku. Walinitukana kidogo, ni kazi yao. Kisha wakakubali, maana kiatu kimoja cha kushoto wangekipeleka wapi?

Sasa hiyo Sh 3,000 itoke wapi? Hapo ndipo lile jicho la viatu likafanya kazi. Huko Mabibo kuna hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu, na wanafunzi siku hizi wanavaa raba nyeupe, na vumbi la Dar halina huruma na raba nyeupe. Nikanunua brashi mbili, mswaki, sabuni ya unga na ndoo. Sh 2,000 kwa jozi. Babu mmoja fundi viatu wa jirani akanigawia nusu ya kivuli cha mwembe wake, akanifundisha kushona soli kwa mkono. Siku nzuri jozi sita, siku mbaya moja, siku za mvua hakuna kitu. Deni nikalimaliza Oktoba 2022. Risiti ya mwisho nilimpigia picha mama nikamtumia kwenye simu ya jirani.

Sitakuficha, kuwasugulia viatu watu wa rika langu na wadogo zangu, tena wasomi, kulikuwa kunaniuma. Wanakuja wanaongea habari za digrii huku mimi nimeshika soli zao. Siku nyingine nilikuwa nasugua kwa hasira mpaka rangi inatoka. Babu fundi akanishtua: “Kijana, unamsugua mwenye kiatu au kiatu?” Nikaona aibu.

Viatu nilikuwa navifunga kwenye magazeti ya zamani. Mteja akichelewa, nasoma. Nikawa nasoma safu kama hizi na kunung’unika, huyu naye kaandika nini. Siku moja nikaandika ya kwangu, kwenye daftari la hesabu za viatu, kuhusu wachumba wanaopeana viatu vya kuazima. Mhariri aliitupa. Ya pili akaichapa, jina langu likakosewa herufi mbili, na nikalipwa hela ya jozi tano. D ya Kiswahili, jamani! Ile pointi moja ya tume ya Profesa Mchome.

Ndiyo iliyonitia kichaa cha kurudi darasani. Mwaka 2023 nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikawa nasoma tuisheni za jioni na watoto wanaoniita anko. Masomo manne tu, Kiswahili, Historia, Uraia na Jiografia, maana brashi nazo zilikuwa zinanisubiri asubuhi. Novemba nikakaa kwenye chumba cha mtihani, na nitasema kweli, mkono ulitetemeka kama 2012.

Matokeo yalitoka Januari 2024. Safari hii sikwenda intaneti kafe, yalikuwa kwenye simu. Nilipoyafungua sikusoma kwanza. Nikampigia mama, nikamwambia, “Yametoka, ngoja nikusomee.”

“Soma.”

“Kiswahili, B.”

“Eee.”

“Historia, C. Uraia, D.”

“Haya.”

“Jiografia, F.”

Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia ameweka simu pembeni bila kuikata, anaongea na mtu hapo mezani kwa sauti ya juu, ile ya kuitia wateja.

“Ni yule mwanangu wa Dar. Matokeo yake yametoka. Kapata B ya Kiswahili, Jiografia kafeli. Wewe umesema nyanya za shilingi ngapi?”